Kabla ya Kununua Kitabu cha Sheria ya Familia

Baadhi yenu mnaojiandaa kusomea sheria hapa Uganda mmeniuliza mnunue kitabu gani cha sheria ya familia. Wengi huanza na bei, kisha unene. Mimi ningeanza na swali jingine: je, kitabu hicho kinaeleza tu sheria ilivyoandikwa, au kinaeleza pia yaliyoipata tangu ilipoandikwa?

Chukueni Sheria ya Talaka ya mwaka 1904. Kifungu chake cha 4 kilimruhusu mume kuomba talaka kwa kuthibitisha tu kwamba mkewe amezini. Kwa mke, uzinzi wa mumewe peke yake haukutosha. Ilibidi uambatane na kosa jingine, kwa mfano ukatili. Mwezi Machi 2004, katika shauri lililofunguliwa na Chama cha Wanasheria Wanawake wa Uganda, Mahakama ya Katiba iliamua kwamba ubaguzi huo unapingana na Katiba ya 1995, ambayo ibara yake ya 31 inawapa mume na mke haki sawa katika ndoa na inapovunjika. (Ibara ni ya Katiba, kifungu ni cha sheria nyingine, msivichanganye.)

Lakini hukumu haifuti wino. Anayesoma nakala ya toleo la mwaka 2000 atakikuta kifungu kile kizima, bila alama yoyote pembeni. Siku shangazi yake atakapomjia kwa siri kuuliza kama anaweza kuachana na mume mzinzi, mwanafunzi huyo atamrudisha nyumbani akatafute ushahidi ambao mahakama haimdai tena. Huenda shangazi asirudi kuuliza mara ya pili.

Wala neno “rasmi” kwenye jalada halitoshi. Sheria ya Usajili wa Ndoa za Kimila ya 1973 ilitaja miaka 16 kuwa umri wa chini wa mwanamke kuolewa. Katiba inataja miaka 18 kwa wanawake na wanaume. Toleo la 2000 lilitoka miaka mitano baada ya Katiba, na ile 16 ilibaki humo.

Kwa hiyo napendelea kitabu chenye maelezo chini ya vifungu: kilirekebishwa lini, mahakama ilikitafsiri vipi, kinagongana na ibara gani. Kitakuwa ghali, najua. Changeni watatu, mkinunue kimoja. Wako walimu wanaosema mwanafunzi asome sheria tupu kwanza ili ajifunze kufikiri mwenyewe. Hoja hiyo naiheshimu, ila fikra haiwezi kumfunulia mtu hukumu ambayo hajawahi kuisikia.

Tena kuna mambo yasiyo na kifungu cha kurekebishwa. Mwezi Agosti 2015 Mahakama ya Juu iliamua kwamba desturi ya kudai mahari irudishwe ndoa inapovunjika ni kinyume cha Katiba. Kutoa mahari hakukupigwa marufuku. Kilichokatazwa ni kuirudisha kuwa sharti la kumwachia mwanamke. Kwa kuwa desturi hiyo ni ya mila, kitabu cha sheria tupu hakitakuwa na pa kulitaja jambo hili, ilhali vijijini ndilo linaloulizwa sana.

Jihadharini pia na namba. Toleo la saba la sheria za Uganda lilianza kutumika tarehe 1 Julai 2024, na sura zimepangwa upya. Sheria ya Mirathi, iliyokuwa sura ya 162, sasa ni ya 268, na tayari ilikuwa imefanyiwa marekebisho makubwa mwaka 2022. Kitabu kizuri kitakuwa na jedwali la namba za kale na mpya.

Mkiwa dukani, fungueni penye sababu za talaka. Msipoona neno lolote kuhusu uamuzi wa 2004, kirudisheni rafuni.