Cheti Kivukapo Mpaka

Nataka kusema neno juu ya jambo linalowasumbua wazazi wengi wa Upare, nalo ni hili: cheti cha sekondari kilichopatikana katika nchi moja hutambuliwaje na chuo kikuu cha nchi nyingine? Watu wengi hudhani kuwa cheti ni cheti. Mtoto akifaulu amefaulu, na mlango wa kila chuo u wazi mbele yake. Maoni yangu ni kwamba sivyo, na ya kuwa kutojua hivyo huwapotezea vijana miaka na wazazi fedha.

Hatuna haja ya kwenda Ulaya kutafuta mfano. Sisi wa Same tu jirani wa Kenya. Nyuma ya milima yetu iko Hifadhi ya Mkomazi, nayo imepakana na Tsavo. Wako Wapare wenye ndugu zao Taveta na Voi, na wako watoto wa kwetu waliosomea huko kwa shangazi au kwa mjomba. Mtoto wa namna hiyo akirudi nyumbani na cheti chake cha KCSE, hutarajia kuingia chuo kikuu cha hapa mwaka ule ule, kama wenziwe waliobaki Kenya. Naye hushangaa kuambiwa kwamba Baraza la Mitihani la Tanzania hukilinganisha cheti chake na kile cha kidato cha nne. Basi humpasa kusoma kidato cha tano na cha sita, au kupitia njia nyingine inayokubaliwa, kama vile stashahada.

Je, huu ni uonevu? Mimi sioni hivyo. Na tuhesabu miaka. Kenya ilianza mpango wa 8-4-4 mwaka 1985, yaani miaka 8 ya shule ya msingi, 4 ya sekondari na 4 ya chuo kikuu. Mtihani wa mwisho wa kidato cha sita ulifanywa huko mwaka 1989. Sisi tumekuwa na miaka 7 ya msingi, 4 ya sekondari, 2 ya kidato cha tano na cha sita, kisha 3 ya chuo kikuu kwa shahada nyingi. Mkenya huingia chuo kikuu baada ya miaka 12, na Mtanzania baada ya miaka 13. Lakini ukijumlisha yote mpaka shahada, huyu ana miaka 16 na yule ana miaka 16. Safari ni moja. Vituo ndivyo vinavyotofautiana. Anayeshuka katika gari moja na kupanda jingine katikati ya njia, hana budi kuuliza kwanza limefika kituo gani.

Wazee wetu hawakuijua sana taabu hii. Wakati wao Tanganyika, Kenya na Uganda zilifanya mtihani uliotoka Cambridge, na cheti kilisomeka Makerere kama kilivyosomeka London. Mwaka 1967 likaanzishwa Baraza la Mitihani la Afrika Mashariki. Tanzania ilijitoa mwaka 1971, na mwaka 1973 likaundwa Baraza letu wenyewe. Sisikitiki kwa hilo. Nchi huru yapaswa kuwapima watoto wake kwa mambo yanayoifaa. Lakini kila mwenye kipimo chake akubali kwamba jirani naye atapima tena. Mkulima wa tangawizi wa Mamba Miamba ajua kuwa gunia lililopimwa nyumbani hupimwa tena na mnunuzi. Hakasiriki kwa kupimiwa. Hukasirika mizani ikifichwa.

Tena hata hapa kwetu herufi hubadilika thamani. Kwa aliyemaliza kidato cha sita mwaka 2014 au 2015, Tume ya Vyuo Vikuu huhesabu alama C kuwa pointi 2. Kwa aliyemaliza mwaka 2016 na baadaye, C ni pointi 3. Herufi ni ile ile, uzito ni mwingine. Ikiwa sisi wenyewe twahitaji kuelezwa, mtu wa Uingereza au Marekani atajuaje? Ndiyo sababu Uingereza ina ofisi iitwayo UK ENIC, ambayo kazi yake ni kueleza cheti cha nchi ngeni kinalingana na kipi cha kwao. Marekani haina ofisi moja ya serikali kwa kazi hiyo. Vyuo vingine hupima vyenyewe, vingine humtaka mwombaji apeleke vyeti kwa shirika la upimaji na kulilipa. Na katika nchi hizo zote mbili, neno la mwisho ni la chuo chenyewe.

Basi tufanye nini? Kwanza, tuulize kabla ya kulipa. Wako mawakala wanaopita wakitafuta wanafunzi wa vyuo vya ng'ambo. Wakala akikwambia kuwa cheti cha kidato cha nne chatosha, mwombe barua ya chuo chenyewe, iliyoandikwa kwamba umekubaliwa kusoma shahada, wala si mwaka wa matayarisho utakaoulipia. Uulize vilevile kwa Tume ya Vyuo Vikuu kama chuo hicho kinatambuliwa, maana utakaporudi na shahada yako, nayo itapimwa hapa.

Pili, tutengeneze majina. Mwanafunzi ana jina moja katika cheti cha ubatizo, jingine katika cheti cha kuzaliwa, na shuleni ameandikwa kwa jina la babu. Hapa Same twamjua kuwa ni yule yule. Ofisi iliyo mbali haimjui, nayo huona watu watatu. Mzazi ayatazame majina hayo kabla mtoto hajaandikishwa kwa mtihani wa kidato cha nne, maana kusahihisha baadaye ni kazi ndefu.

Tatu, tuanze mapema. Mtihani wetu wa kidato cha sita hufanywa mwezi wa Mei, na matokeo hutoka kwa kawaida mwezi wa Julai. Vyuo vingi vya Uingereza na Marekani hutaka maombi kufikia Januari. Anayengoja matokeo ndipo aanze kuuliza, amekwisha chelewa mwaka mzima. Kidato cha tano ndicho wakati wa kuuliza.

Kwa wakubwa wa nchi zetu nina neno pia. Itifaki ya Soko la Pamoja la Afrika Mashariki, iliyoanza kutumika mwaka 2010, iliahidi kutambuliana vyeti. Mwaka 2017 wakuu wa nchi wakatangaza Afrika Mashariki kuwa eneo moja la elimu ya juu. Sasa Kenya yauacha mpango wa 8-4-4 na kushika miaka 6, 3 na 3. Sera yetu ya elimu ya mwaka 2014, toleo la 2023, yapunguza shule ya msingi kuwa miaka 6, kisha 4 na 2. Pande zote mbili zitakuwa na miaka 12. Nafasi kama hii isipotee. Litolewe jedwali moja lililo wazi, cheti cha huku kando ya cheti cha kule, nalo libandikwe katika kila shule ya sekondari, ili mtoto wa Same na mwenziwe wa Taveta walisome bila kulipa nauli ya kwenda mjini kuuliza.

Wakati twangoja hayo, naiomba shule yetu imteue mwalimu mmoja wa kuwasaidia wanafunzi katika jambo hili, japo alasiri moja kwa juma. Nanyi wanafunzi msione haya kumwendea. Kuuliza si ujinga. Ujinga ni kuuza ng'ombe kwanza, kisha kuuliza njia.