Kirangozi wa Safari ya Baiskeli

Juma lililopita tulipokea barua ya wanafunzi sita wa hapa Kindu. Watuambia kwamba wameona picha za watu wa ng'ambo waendao pamoja kwa baiskeli katika makorongo ya jangwani, wakilala mahemani, wakitanguliwa na mtu aijuaye njia. Nao watamani kufanya vivyo hivyo katika likizo kubwa: kutoka Kindu mpaka Kibombo, zaidi ya kilometa 100, kisha wavuke Lualaba waende Kasongo. Watuuliza mambo mawili. Je, safari hiyo yawezekana? Na mwongozaji wampate wapi, maana wamesikia kwamba huko ng'ambo waongozaji hulipwa fedha nyingi?

Swali la kwanza twalijibu kwa neno moja: yawezekana. La pili tulipolisoma tulicheka kidogo, kisha tukaona haya kwa kicheko chetu. Sababu yake mtaiona.

Kwanza tuseme habari ya hizo picha. Yaelekea zatoka katika jimbo la Utah, Marekani, ambako mto Colorado na mto Green imeukata mwamba kwa muda mrefu mno hata kufanya makorongo ya kutisha. Mahali hapo paitwa Canyonlands, napo pamekuwa hifadhi ya taifa tangu mwaka 1964. Iko njia moja, jina lake White Rim, izungukayo kando ya makorongo hayo kwa kilometa 160 hivi, na wapanda baiskeli wengi huimaliza kwa siku tatu au nne. Njiani hawapati maji safi ya kunywa. Kwa hiyo gari huandamana nao, limechukua maji, chakula, mahema na vyombo vya kutengenezea baiskeli. Baiskeli zenyewe ni za namna ya pekee, zenye matairi mapana ya meno. Zilianza kutengenezwa California katika miaka ya 1970, na vijana waliopenda kuteremka milima kwa baiskeli kuukuu. Hatuudharau mchezo huo. Mtu aliyekaa ofisini mwaka mzima ana haki ya kutoka jasho kwa hiari yake.

Lakini ninyi mlioandika barua, simameni asubuhi moja kando ya njia itokayo mjini kwenda kusini. Mtaona watu watano au sita, mmoja nyuma ya mwenzake, wakisukuma baiskeli. Kinga, kama wasemavyo wengi katika Kongo. Hawakuzipanda, maana hapana pa kukaa. Bidoni za mafuta ya mawese zimefungwa pande zote mbili, na juu yake gunia la mchele au chumvi, kilo mia na kuzidi. Fimbo imefungwa kwenye usukani ili msukumaji ageuze gurudumu akitembea pembeni. Fimbo nyingine imesimamishwa nyuma ya kiti, naye huisukuma kwa mkono wa pili. Breki, mara nyingi, ni miguu yake mwenyewe. Huko Utah gari lachukua mzigo na mtu apanda baiskeli. Kwetu baiskeli yachukua mzigo na mtu aenda kwa miguu.

Watu hao wengi wetu twawapita bila kuwaamkia. Mtoto akishindwa shuleni twamtisha kwamba atakwenda kusukuma baiskeli. Na hali wakati wa vita, kati ya mwaka 1998 na 2003, treni iliposimama na mto ukawa wa hatari, ni baiskeli zilizotuletea chumvi na sabuni. Siku hizi pikipiki zimewapunguzia kazi, lakini hazijawaondoa njiani.

Miaka kadhaa iliyopita tulipata kufuatana nao siku mbili, baada ya pikipiki yetu kutuharibikia mbali na mji. Walikuwa saba. Aliyetangulia alikuwa mzee mwembamba, na mzigo wake ulikuwa mwepesi kuliko ya wenzake. Tulidhani wanamhurumia kwa ajili ya umri wake, kumbe sivyo. Ilimpasa awe mwepesi apate kutazama. Kila tulipofika kwenye daraja la magogo alisimamisha baiskeli yake, akavuka mikono mitupu, akaligonga kila gogo kwa kisigino, ndipo akawaita wengine. Gogo moja halikumpendeza. Wakafungua mizigo yote, wakaivusha vichwani, kisha baiskeli moja moja, watu wawili kwa kila baiskeli. Kazi ile ilitupotezea saa moja na nusu, wala hakuna aliyenung'unika ila sisi. Tena hawakumwacha mtu nyuma. Mmoja alipotoboka mpira, wote waliketi, wakatafuna karanga, mpaka kiraka kikakauka.

Jioni ya siku ya kwanza tulifika kwenye kijito chenye mchanga mweupe, safi kama uliofagiliwa. Tulikuwa tumechoka sana. Tukatua mzigo wetu, tukaanza kutandika.

Mzee akatuambia, "Hapa hapalaliwi, wanangu."

Tukamwuliza sababu. Hakutujibu, alikuwa amekwisha kuanza kusukuma kupanda kilima. Tukamfuata kwa hasira, tukalala juu, penye mizizi na siafu. Usiku ule hatukusikia mvua hata kidogo. Lakini asubuhi tuliposhuka kuchota maji, mchanga haukuwapo. Palikuwa na maji mekundu yaendayo kasi, na gogo kubwa limelala pale tulipokuwa tumetandika mkeka. Mvua ilikuwa imenyesha mbali, huko kijito kitokako. Mzee alinawa uso, wala hakututazama.

Twalisimulia jambo hili kwa kuwa jirani zetu wa Kenya walililia machozi. Kusini mwa ziwa Naivasha iko hifadhi iitwayo Hell's Gate, yaani Lango la Jehanamu, iliyowekwa mwaka 1984. (Hata Lualaba wetu una mlango wa jina hilo, karibu na Kongolo, penye mwamba uubanao mto.) Ni mojawapo ya hifadhi chache ambamo mgeni aruhusiwa kupita kwa baiskeli kati ya pundamilia na twiga, na kupiga kambi. Watu walikuwa wakiacha baiskeli na kushuka kwa miguu katika korongo jembamba, ambalo siku nyingi lina kijito kidogo tu. Mwezi wa Aprili 2012 vijana saba wa kundi moja la kanisa walifia humo, maji ya mvua yaliposhuka ghafula kati ya kuta za mawe. Mwezi wa Septemba 2019 msiba ukarudi, wakafa tena watu saba, na mmoja wao alikuwa mwongozaji wa mahali hapo. Basi msidhani kwamba kuwa na mwongozaji ni dawa ya kila kitu. Maji hayamwogopi ajuaye njia. Lakini asiyeijua hata haoni cha kuogopa.

Wazee wa pwani na wa bara walikuwa na jina la mtu huyo: kirangozi. Mwingereza Richard Burton, aliyepita njia ya Tabora na Ujiji katika miaka ya 1857 na 1858, aliandika kwamba mpagazi aliyethubutu kumtangulia kirangozi alitozwa faini. Misafara ya namna hiyo ndiyo iliyofika baadaye Nyangwe na Kasongo kwetu. Ilichukua pembe, ilichukua na watu minyororoni, wala hatuisifu. Twataja adabu yake ya njia tu, na hiyo tumeiona ingali hai katika mstari wa baiskeli saba.

Haya, wanafunzi wetu, ndiyo sababu ya kicheko. Mwataka mwongozaji, naye asubuhi hiyohiyo labda amepita mbele ya dirisha la darasa lenu. Nendeni sokoni. Mwulizeni mwuza mafuta ya mawese ni nani mkubwa wa njia ya Kibombo, mkamwamkie kama mnavyowaamkia baba zenu. Mkubaliane malipo kabla ya kuondoka, nayo yasiwe chini ya faida atakayoikosa siku hizo. Mwulizeni kama njia ni salama wakati huo. Akisema ngojeni, ngojeni. Chukueni viraka, pampu, chandarua, na chumvi ya kuwapa watakaowapokea vijijini. Hema si lazima.

Barua yenu tumekwisha kumsomea mmoja wao, mtu tunayemfahamu. Alisikiliza mpaka mwisho. Hakuuliza habari za fedha. Aliuliza kama ninyi sita mwajua kuziba mpira gizani, na kama yuko kati yenu asiyeweza kutii bila kuelezwa sababu. Twangoja jibu lenu.