Dhahabu Kahama, mkataba London

Na Shija Lubinza

Mgodi wa Buzwagi ulikuwa Kahama. Mkataba wake ulisainiwa Februari 2007 katika hoteli moja jijini London, na aliyeusaini kwa niaba yetu Watanzania ni Nazir Karamagi, waziri wa nishati na madini wa wakati huo. Zitto Kabwe, aliyekuwa mbunge wa Kigoma Kaskazini, alipolifikisha jambo hilo bungeni na kutaka lichunguzwe, Bunge lilimsimamisha yeye, Agosti mwaka huohuo, hadi Januari. Kabla adhabu haijaisha, Rais Kikwete akamteua huyohuyo kwenye kamati ya Jaji Mark Bomani ya kuangalia upya sekta ya madini. Mwaka 2010 tukapata sheria mpya, na mrahaba wa dhahabu ukapanda kutoka asilimia 3 hadi 4. Tangu 2017 ni asilimia 6.

Kwa hiyo kelele zile zilikuwa na faida. Ila tujiulize: kama mkataba ule ungekuwa wazi tangu siku ya kwanza, nani angehitaji kuadhibiwa?

Nasema hivi kwa sababu mijadala yetu ya uhuru wa habari huzungumzia zaidi magazeti ya Dar es Salaam: lipi limefungiwa, lipi limefunguliwa. Ni haki kuyazungumzia. Juni 15, 2017, siku chache baada ya ripoti ya pili ya makinikia, ule mchanga wenye madini, kusomwa Ikulu, Waziri Harrison Mwakyembe alilifungia gazeti la Mawio miezi 24 kwa kuwahusisha marais wastaafu Mkapa na Kikwete na mikataba ya madini. Taifa zima lilikuwa linaongea habari za mikataba hiyo, Rais wa wakati huo akiwa wa kwanza. Gazeti likaambiwa limevuka mpaka. Machi 2019 Mahakama ya Haki ya Afrika Mashariki ilisema vifungu kadhaa vya Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 vinakiuka Mkataba wa Jumuiya ya Afrika Mashariki. Mawio na magazeti mengine matatu yakafunguliwa Februari 2022, na mwaka uliofuata Bunge likailegeza sheria kidogo. Leseni ya gazeti bado iko mikononi mwa serikali.

Lakini mtu wa maeneo ya dhahabu kama Bugarama au Nyarugusu anaumizwa na kitu kingine kabisa: karatasi asiyoiona.

Chukua ushuru wa huduma. Sheria ya fedha za serikali za mitaa ilizipa halmashauri asilimia 0.3 ya mapato ya kampuni. Mikataba ya zamani ya migodi mikubwa iliweka kiwango kisichobadilika, dola 200,000 kwa mwaka, mgodi upate usipate. Bei ya dhahabu ikapanda miaka nenda miaka rudi, halmashauri zikiendelea kupokea kiasi kilekile. Mwananchi wa Geita aliyekuwa akigombea magwangala, yale mawe ya taka ya mgodi, angejuaje kwamba zahanati yake imekwama kwenye kifungu cha mkataba? Hakuwahi kuonyeshwa.

Na mwandishi wake je? Mwandishi wa mkoani wengi wenu mnamsoma bila kumjua. Hana mshahara, analipwa kwa stori, tena stori iliyotoka. Asubuhi anapokea ujumbe kwenye kundi la WhatsApp: gari la msafara linaondoka saa mbili, ofisi ya mkuu wa wilaya. Anapanda, anakunja daftari mapajani, anarudi jioni na hotuba. Siku akitaka kujua fedha za wajibu wa kampuni kwa jamii zimejenga nini, ataambiwa mhusika yuko kikaoni, arudi kesho, aandike barua, asubiri mkurugenzi aridhie. Nauli ni yake. Na anajua kuwa mkuu wa wilaya anaweza kuamuru mtu awekwe ndani saa 48, kwa sheria ya 1997 ambayo hakuna utawala uliokuwa na haraka ya kuifuta. Simlaumu akichagua hotuba. (Nawalaumu wahariri wanaoichapa ilivyo.)

Sheria zenyewe zinavutana. Ile ya 2015 ya uwazi katika uziduaji inataka mikataba ya madini iwekwe hadharani. Ile ya 2016 ya haki ya kupata taarifa inampa raia haki ya kujibiwa ndani ya siku 30, papo hapo ikimtishia anayetoa taarifa iliyozuiwa kifungo cha miaka mitatu hadi mitano. Sasa wewe ni karani wa masijala, mwandishi kasimama mlangoni. Utakumbuka sheria ipi?

Wakurugenzi wa halmashauri za Geita, Msalala, Kahama na Shinyanga hawahitaji kusubiri Dodoma. Kila robo mwaka wabandike kwenye mbao za matangazo za kata kiasi cha ushuru kilichopokelewa, kutoka kampuni ipi, na kilikokwenda. Kwa Kiswahili. Wasipofanya, msomaji, usimwachie mwandishi peke yake. Andika barua ya kuomba taarifa hiyo kwa sheria ya 2016, ipeleke masijala, nakala yako ipigwe mhuri wa tarehe. Siku 30 zinaanza kuhesabiwa hapo.