TAILIZI ZIMEBANDUKA: NANI ANADAIWA?



Himidi zote anastahiki Mwenyezi Mungu. Rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), ahali zake na masahaba zake. Amma baad.

Ndugu zangu katika imani, leo sizungumzii swala wala mirathi. Nazungumzia sakafu. Usicheke. Ugomvi wa fundi na mwenye nyumba unaletwa msikitini kama unavyoletwa ugomvi wa ndoa. Watu wawili wanaoswali safu moja wanaacha kupeana salamu kwa sababu ya tailizi. Basi soma mpaka mwisho.

Hapa kwetu Bariadi, na kwa ndugu zetu wa Maswa, Meatu, Itilima na Busega, mtu huuza pamba akamalizia nyumba. Anapiga tailizi sebuleni, zinang'aa, wageni wanasifu. Msimu mmoja wa mvua ukipita, ukigonga kwa kidole unasikia sauti ya debe tupu. Grauti inaanza kutoka. Moja inatikisika, nyingine inapasuka, mbili zinainuka katikati ya chumba. Fundi anapigiwa simu, hapokei. Hapo matusi na laana zinaanza.

Ninalotaka ulishike ni hili: kabla ya kumlaani mtu, fukua uone kilicho chini. Ukweli ukijulikana, kila mmoja abebe fungu lake.

Chini ya tailizi kunaweza kuwa na makosa ya watu tofauti.

Kwanza ni ardhi. Udongo wetu mweusi wa mbuga ukinywa maji huvimba, na kiangazi hupasuka nyufa. Kama msingi haukuzingatia hilo, au kifusi hakikushindiliwa, zege la chini linacheza na tailizi zinapasuka kwa kufuata ufa wake. Hapo kosa la kwanza si la fundi tailizi. Yeye ataulizwa jambo moja: uliuona ufa ukanyamaza?

Pili ni haraka. Zege hutakiwa kumwagiliwa maji siku 7 angalau, na wajenzi huhesabu siku 28 ili lifikie nguvu yake. Nani alilazimisha kazi ianze mapema? Mara nyingine ni fundi anayekimbilia kazi nyingine. Mara nyingine ni wewe mwenye nyumba uliyesema, "Bandika hivyo hivyo, Idi imekaribia."

Tatu ni ubandikaji wenyewe. Fundi hakufagia vumbi. Au aliweka madonge matano, manne pembeni na moja katikati, palipobaki pakawa na hewa. Au hakuacha nafasi ndogo ukutani, joto likazidi, tailizi zikasukumana mpaka zikainuka. Au alizibandika tailizi za poseleni, ambazo hazinywi maji, kwa saruji tupu badala ya gundi yake. Hayo ni ya fundi, isipokuwa kama alikuomba gundi ukamwambia ni ghali.

Sasa njoo kwenye dini yako.

Imepokewa katika Sahihi Muslim kwamba Mtume (s.a.w.) alipita sokoni kwa muuza chakula, akaingiza mkono ndani ya lundo, vidole vikakuta unyevu. Juu pakavu, chini pamelowa. Mtu yule akajitetea kwamba ni mvua. Mtume hakuukubali utetezi huo: angeweka kilicholowa juu watu wakione. Kisha akatamka kwamba mwenye kughushi si katika watu wake.

Wana Simiyu, hadithi hii tunaielewa kuliko wengi. Tunawajua wanaotia maji na mchanga kwenye pamba ili mzani upande. Fundi anayejua kuwa chini ni hewa, akapaka grauti nzuri juu na kuchukua ujira, ana tofauti gani na hao?

Kwa hiyo, fundi, sikiliza. Wanazuoni wamekhitilafiana kuhusu mali inayoharibika mikononi mwa fundi bila uzembe wake. Lakini uzembe ukithibiti, anadaiwa. Kusema "ni bahati mbaya" au "pesa nimeshakula" hakukuondolei deni. Rudi, rekebisha kwa nguvu zako, na tailizi ulizoziharibu ni juu yako. Usipokee simu leo, kesho Akhera hakuna kuzima simu.

Na wewe mwenye nyumba, sikiliza pia. Huna ruhusa ya kumnyang'anya vifaa vyake vya kazi wala kumtangaza mitandaoni kwa jina na picha. Huna ruhusa ya kuzuia ujira wa jiko lililo salama kwa sababu ya sebule iliyoharibika. Mtume ametuhimiza kumlipa mfanyakazi kabla jasho lake halijakauka. Na kama fundi hana kitu, Suratul Baqara aya ya 280 inatuelekeza kumpa muda mdaiwa aliye katika dhiki. Mpe muda, au akulipe kwa kazi.

Njia ya sulhu ni hii. Mwite fundi mbele ya mashahidi wawili. Tafuteni fundi wa tatu, na msharti kwamba yeye hatapewa kazi ya marekebisho, ili ulimi wake usivutwe na tumbo. Gongeni chumba chote, mtie alama zinazolia. Bandueni mbili tatu mtazame. Kama zege ni zima na zinazolia ni chache, toeni hizo, safisheni, bandikeni upya. Kama ufa umo kwenye zege, usipoteze pesa kubandika juu yake. Tengenezeni chini kwanza. Kuzibaziba mianya kwa grauti mpya si marekebisho, ni kuficha. Mkishaona sababu, gawaneni gharama na muandike.

Fundi akikataa haki iliyo wazi, mahakama ya mwanzo ipo, na Sheria ya Mikataba, Sura ya 345, inatambua makubaliano yenu. Kudai haki yako hakupunguzi imani.

Kwa anayetaka kuanza kazi: aya ya 282 ya Suratul Baqara inatuamrisha kuandika deni la muda. Ukishatoa malipo ya kwanza, fundi ana deni la kazi kwako. Andikeni kwenye daftari: gundi gani, nani ananunua, siku ngapi, kiasi gani kitabaki mpaka mvua zipite. Mkubaliane mwanzoni, si baada ya ugomvi.

La mwisho ndilo linalonitisha zaidi. Yupo anayetandika zulia juu ya tailizi zilizobanduka, kisha analeta mnunuzi au mpangaji. Ndugu yangu, ulidhulumiwa na fundi, sasa unamdhulumu asiyekukosea. Kunja zulia. Mwonyeshe. Punguza bei.

Ewe Mola wetu, tupe riziki ya halali, utupe mafundi waaminifu na wenye nyumba waadilifu, na uwapatanishe waliogombana. Amin.

Wallahu aalam. Mfikishie fundi unayemjua, na mwenye nyumba pia.