Likizo ya Ng'ambo ya Mpaka: Darasa Lisilo na Ubao

Wahenga walinena kuwa tembea uone. Aghalabu methali hii hutajwa na waliorejea kutoka Ulaya au Marekani. Ni nadra kuisikia ikitajwa na familia iliyotoka Nairobi, ikapitia Mombasa na Kwale, ikavuka mpaka wa Lungalunga na Horohoro ili kuwajulia hali jamaa zake mkoani Tanga. Safari ya aina hii huhesabiwa kuwa jambo dogo, la kufanywa Desemba endapo fedha zitabaki. Makala haya yanashikilia kwamba kwa mwanafunzi wa Kiswahili, na kwa mtoto yeyote anayelelewa mjini, safari hiyo ni darasa adhimu, na kulipuuza ni hasara isiyoweza kufidiwa na alama za mtihani.

Ifahamike kwanza kwamba mpaka huo haukuchorwa na ndugu. Mwaka wa 1886 Waingereza na Wajerumani waligawana nchi kwa mstari ulioanzia pwani, karibu na mlango wa mto Umba, ukapanda bara hadi ziwa Jipe, ukauzunguka mlima Kilimanjaro. Wadigo na Wasegeju wakajikuta pande zote mbili. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka wa 1977, Tanzania iliufunga mpaka wake na Kenya, nao haukufunguliwa tena hadi mwaka wa 1983. Miaka sita ni mingi katika umri wa mtoto. Aliyekuwa na miaka minne angeweza kufikisha kumi bila kula sinia moja na wakoi wake, yaani watoto wa mjomba na wa shangazi. Leo njia i wazi. Kinachowazuia wengi ni mazoea ya kutokwenda.

Chukua mfano wa mtoto wa miaka kumi aliyezaliwa Nairobi na wazazi wenye asili ya Kwale. Anafika Tanga na kuuliza, "Nyanya yuko wapi?" Wenzake wanaangua kicheko, kwani kwao nyanya huenda katika mchuzi, mzazi wa mama au wa baba ni bibi. Mtoto naye anashangaa, maana alikotoka yeye bibi ya mtu ni mke wake. Dukani anasema, "Nipe soda," nao wakoi wake wanamnong'oneza aseme, "Naomba." Kufikia siku ya tatu haingii tena barazani kimya. Anamwamkia kila mkubwa shikamoo, kisha anangoja marahaba. Hakuna aliyemwandikia kanuni hizo ubaoni. Ametahayari mara mbili, akajifunza.

Hata hivyo, tofauti hizo za msamiati ni jambo jepesi. Zito ni lile linalojitokeza bibi anapomwonyesha mgeni aliyeketi ukumbini na kumuuliza, "Huyu ni nani wako?" Mtoto anajibu, "Ni anko." Bibi anauliza, "Anko yupi?" Mtoto ananyamaza. Mjini neno hilo moja hubebeshwa ndugu wa mama, ndugu wa baba, jirani na mwenye duka. "Anti" nalo limewameza shangazi, mama mdogo na mama mkubwa. Wengine watasema kwamba lugha hukua kwa kukopa, na ni kweli. Lakini mkopo huu haukuziba pengo lolote. Umefuta tofauti zilizokuwepo. Kwa Wadigo, ambao kwa desturi yao ya kale urithi ulipitia upande wa mama, mjomba alikuwa na haki na wajibu ambao ndugu wa baba hakuwa nao. Anayewaita wote wawili anko amepoteza neno, na pamoja na neno amepoteza habari ya nani humdai nini na nani humfaa lini.

Safari hiyo ikiendelea mashambani, darasa hupanuka. Kutoka Tanga barabara hupita Muheza penye michungwa, kisha katika mashamba ya mkonge, zao lililoletwa sehemu hizo na Wajerumani mwaka wa 1893. Ikifika Mombo huanza kupanda milima ya Usambara hadi Soni na Lushoto. Huko shangazi aliyeolewa na Msambaa huwapakulia wageni makande, nao Wanairobi hutambua kuwa ni githeri. Kinu, mchi, ungo na mafiga, ambavyo mwanafunzi aliviona katika zoezi la ngeli, sasa anatumwa avilete. Anasikia pia Kisambaa nyumbani na Kiswahili sokoni, kama alivyosikia Kidigo kwa bibi, akang'amua kwamba lugha ya mama na lugha ya taifa zinaweza kuishi katika kinywa kimoja bila ugomvi.

Yapo mapingamizi. Kunao wanaotania kuwa Kiswahili kilikua Tanzania kikaja kuugua Kenya, na huenda hoja hii ikadhaniwa kuunga mkono utani huo. La hasha. Lamu na Mombasa ni nyumbani kwa Kiswahili sawa na Tanga, na Watanzania nao wana watoto wanaosema "anko". Tofauti ni kwamba mtoto akiwa mgeni kwa jamaa zake hulazimika kuuliza na kuulizwa. Wengine watalalamikia gharama: nauli, hati za kusafiria na zawadi za kubeba mkononi. Gharama ipo. Lakini wapo wanaolipa zaidi ya hiyo kwa siku chache za hotelini, ambako mtoto hazungumzi na yeyote ila mhudumu.

Tangu UNESCO ilipoitenga Julai 7 kuwa Siku ya Kiswahili Duniani, mwaka wa 2021, vyuo vimekuwa vikiiadhimisha kwa mashairi na hotuba. Ni jambo jema. Lakini sherehe haimfundishi mtoto jina la kumwitia ndugu ya mamake. Inafaa kila mwanachama mwenye jamaa ng'ambo ya mpaka, iwe Tanga, Moshi au Musoma, aende likizo ijayo akiwa na daftari, aandike majina ya nasaba kama yanavyotamkwa huko, pamoja na wajibu unaoandamana na kila jina. Wahadhiri nao wayapokee madaftari hayo kama data halali ya isimujamii. Bibi anayeuliza "anko yupi?" hatakaa barazani milele, na majuto ni mjukuu.