Ngazi ya benki na amana ya mteja



Miongoni mwa kazi zinazotamaniwa na vijana wetu waliohitimu vyuo, kazi ya benki imo katika safu ya mbele. Ina heshima, ina mshahara wa uhakika, na ina ngazi ambayo kijana huiona wazi: leo yupo dirishani, kesho ni ofisa mikopo, keshokutwa ni meneja wa tawi. Kuitamani ngazi hiyo si kosa. Lugha yetu imetenganisha ari na tamaa, na mwenye ari hatuna la kumlaumu. Tunalotaka kulitazama leo ni namna ari inavyogeuka tamaa bila ya mwenyewe kutambua, na ni nani wanaomsaidia kuigeuza.

Upo mfano wa Wells Fargo, benki ya Marekani iliyoasisiwa mwaka 1852. Viongozi wake walijiwekea shabaha kwamba kila familia ya wateja wake iwe na huduma nane za benki hiyo: akaunti ya akiba, kadi ya mkopo na nyinginezo. Kwa nini nane? Mkuu wa benki, John Stumpf, aliwaeleza wenye hisa kwamba kwa Kiingereza neno la nane lina vina na neno la kusifia ubora. Kwa ajili ya vina hivyo, wafanyakazi wa matawini walipangiwa hesabu ya mauzo, na asiyeifikia alihofia riziki yake.

Wakaanza kuwafungulia wateja akaunti bila ya idhini. Walihamisha fedha za mteja na kuziingiza katika akaunti asiyoijua, wakabuni anuani za barua pepe, wakatoa kadi zisizoombwa. Baadhi ya wateja walikatwa ada kwa huduma ambazo hawakuzitaka. Septemba 2016 benki ilitozwa faini ya dola milioni 185, na ilikadiriwa kuwa akaunti za namna hiyo zilifika milioni mbili; mwaka uliofuata makadirio yakapanda hadi milioni 3.5. Katika miaka mitano iliyotangulia, wafanyakazi wapatao 5,300 walikuwa wameachishwa kazi kwa sababu hiyo. Tumezoea kusema samaki mmoja akioza wote wameoza, lakini usemi huo haufai kwa samaki 5,300. Hapo la kuchunguzwa ni tenga lenyewe na aliyelisuka.

Baadhi ya waliojaribu kutoa taarifa ndani ya benki walieleza kwamba nao walifukuzwa. Stumpf alijiuzulu Oktoba 2016. Mwaka 2020 alikubali kulipa faini ya dola milioni 17.5 na kupigwa marufuku kufanya kazi ya benki, na mwaka huohuo benki ikakubali kulipa dola bilioni 3, huku ikikiri kwamba tangu 2002 hadi 2016 iliwashinikiza watumishi wake kwa malengo yasiyofikika.

Wapo watakaosema kwamba habari za benki za riba hazituhusu. Hukumu ya riba inajulikana, nasi hatuipunguzi hata chembe. Lakini benki isiyotoza riba nayo ina matawi, ina mameneja, ina malengo ya mwezi, na karani wake naye ana mkono unaoweza kughushi saini. Surat al-Mutaffifin inawaonya wapunjao vipimo. Mizani ya zama zetu ni fomu, na anayejaza ndani yake lisilosemwa na mteja amekwisha kupunja.

Na sisi wazazi tumo. Kijana akileta habari ya kupandishwa cheo tunapika pilau na kualika majirani. Ni wachache kati yetu wanaouliza cheo kimepatikanaje. Akirudi mwenzake aliyekosa marupurupu kwa sababu alikataa kuandika uongo, tunamwambia hajui maisha. Hatusemi kukataa ni jambo jepesi, kwani kodi ya nyumba haingoji na ada za wadogo zake zipo mabegani mwake. Ndiyo maana aliyekataa anastahiki kukuta nyumbani watu walio upande wake. Akiagizwa jambo la kutilia shaka, aombe agizo hilo kwa maandishi. Mkubwa anayejua analoagiza ni ovu huchelea kuliwekea saini.

Wenye benki nao wasijifiche nyuma ya ushindani wa soko. Wells Fargo iliyafuta malengo ya mauzo ya matawini kuanzia Oktoba 1, 2016, kabla hata ya mwezi mmoja kutimia tangu faini ile ya kwanza. Wale 5,300 walikuwa wamekwisha kuondoka.