Mabomba Yafike Salama

Mwaka 1971 Serikali ya TANU iliweka lengo la kuwapatia wananchi wote wa vijijini maji safi katika muda wa miaka 20. Lengo hilo halikufikiwa kwa wakati wake. Fedha zilipungua, mitambo iliharibika, mafuta na vipuri vikakosekana. Hata hivyo, historia hiyo imeacha fundisho ambalo halijapitwa na wakati: mradi wa maji haupimwi kwa wingi wa vifaa vilivyonunuliwa, bali kwa maji yanayomfikia mwananchi.

Fundisho hilo lina uzito wa pekee Usagara, wilayani Misungwi. Hapo barabara itokayo Shinyanga hugawanyika, moja ikienda jijini Mwanza na nyingine ikielekea Kigongo, Sengerema na Geita. Tangu Daraja la J.P. Magufuli lifunguliwe Juni 2025, malori hayangoji tena kivuko. Wilaya hiyo ndiyo yenye chanzo cha Ihelele, ambacho maji yake ya Ziwa Victoria yamefika Kahama, Shinyanga na hata Tabora. Mabomba ya plastiki yatokayo Dar es Salaam hufika hapo yakiwa yamesafiri zaidi ya kilometa 1,000.

Bomba la plastiki ni jepesi na halishiki kutu. Wepesi huo ndio unaowadanganya watu. Hurushwa kutoka juu ya lori, huburutwa juu ya changarawe na kukazwa kwa minyororo. Mkwaruzo unaozidi sehemu moja ya kumi ya unene wa bomba hulifanya lisifae tena kubeba maji yenye msukumo. Ufa mdogo huzikwa ardhini bila kuonekana, kisha hujitokeza siku maji yanapofunguliwa, wakati mtaro umekwisha kufukiwa.

Kupakia vizuri hakuhitaji utaalamu wa kigeni. Sakafu ya lori iwe sawa, isiyo na misumari wala vyuma vilivyochomoza. Mabomba yaegemezwe kwa urefu wake wote, ncha zisining'inie nyuma; mazito yawe chini na mepesi juu. Vichwa vipana vya kuungia vipishane, ili bomba moja lisikandamize kichwa cha jingine. Mikanda mipana au kamba zitumike badala ya minyororo. Ncha zizibwe, na shehena ikingwe jua kwa turubai linalopitisha hewa, kwa maana jua kali hudhoofisha plastiki na kuharibu mipira ya kuungia. Mabomba yaliyoviringishwa yafunguliwe polepole, kwani yakifyatuka humjeruhi mtu.

Si haki kumtupia utingo lawama zote. Mpakiaji anayelipwa kwa idadi ya safari ataharakisha, na dereva asiyepewa mikanda atatumia mnyororo alio nao. Namna ya kupakia na kupakua haina budi kuandikwa katika mkataba, pamoja na jina la atakayebeba hasara.

Hapo ndipo wajibu wa mtumishi wa umma unapoanza. Saini yake kwenye hati ya kupokelea mali ndiyo inayomwondolea msafirishaji deni. Akitia saini akiwa ofisini, bila kukagua bomba moja baada ya jingine, hasara ameihamishia kijijini. Chombo cha watumia maji cha kijiji nacho kiwe na mwakilishi wakati wa kupakua, mwenye haki ya kukataa bomba bovu.

Mwalimu pia ana nafasi yake. Pale mabomba yanapohifadhiwa katika kiwanja cha shule, yawekwe kivulini, juu ya mbao, na wanafunzi waelezwe kwa nini hawapaswi kuyakalia wala kuyachezea. Watoto hao ndio wanaokatisha masomo kwenda kuteka maji bomba linapopasuka.

Wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa wa bomba uzuiwe lingali juu ya lori.